Shaba Shingoni Mwangu

Mjukuu wangu alinunua mkufu sokoni, ule wa kung'aa wa wachuuzi, akauvaa siku tatu bila kuuvua hata akioga. Siku ya nne aliniinamia jikoni nimwonjeshe mchuzi, nikaona mstari wa kijani umezunguka shingo yake. Nikanusa. Jasho na shaba. Mwiko ukanitoka mkononi.

"Tosha ile kintu ku shingo."

"Ah, Kaku, weye nayo! Ni chaîne tu. C'est la mode."

"Nimesema tosha."

Akauvua. Nikachukua ndimu na majivu, nikamsugua shingo mpaka akapiga kelele kwamba namchuna kama mbuzi wa sikukuu. Kisha akaniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia ni kitunguu. Siku ile hatukuwa na kitunguu.

Ninyi wa rika langu, mliosoma Likasi wakati wa Kampani ya mgodi na wa Chama, mkinusa shaba yenye jasho mnajua tayari nasema nini. Ila hamjui ya kwangu. Minye sikusoma mingi. Kuandika kulinikaa kichwani kwa sababu ya katekisimu, ndiyo maana Kiswahili changu hapa kimevaa viatu. Watu wangu nitawaacha waseme peku, vile walivyokuwa.

Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi, nyumba zote sura moja. Ukikosea mlango unaingia kwa jirani na kukuta bukari ileile, ugali wetu, na samaki yuleyule. Tata, baba yangu, alikuwa mtu wa karakana, mkata vyuma. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, akafa bila kusoma hata jina lake kwenye karatasi ya mshahara. Kwa hiyo tata alikuwa na wimbo mmoja tu kwa ajili yetu: "Kifaransa njo mulango ya biro. Weye bila Kifaransa, utaingilia ku mulango ya tanuru." Biro kwake ilikuwa ofisi, na 'njo' ndiyo 'ndiyo' yetu.

Asubuhi shuleni tulianza na kucheza. Mtanielewa, wakati ule kila kitu kilianza na kucheza. Tulipiga makofi chini ya bendera, tukaimba sifa za Chama, tukaambiwa tutupe majina ya wazungu na tujivune kwa mababu zetu. Majina yetu ya ubatizo yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu kitabuni. Tulipomaliza kuwaimbia mababu hadi jasho kututoka, tuliingia darasani, na mtoto wa kwanza aliyefungua kinywa kwa lugha ya mama yake alivikwa shaba.

Kilikuwa kibamba cha shaba, upana wa kiganja, kimetobolewa tundu na kufungwa waya. Aliyekikata ni tata. Mwalimu alimwomba, na tata akaona heshima kubwa. Alikipiga msasa mpaka kikang'aa kama sahani ya padri, akakipeleka mwenyewe siku ya Jumatatu akiwa amevaa shati la misa. Nilitembea nyuma yake nimeinua pua, niwaonyeshe wenzangu kwamba baba yangu na Mwalimu wana shughuli pamoja.

Sheria yake ilikuwa nyepesi. Shaba haikutoka shingoni kwa kuomba msamaha wala kwa kulia. Ilitoka kwa njia moja tu: umsikie mwenzako akisema Kiswahili au Chiluba, umshike, umvike. Hata nje ya shule. Hata kwenye bomba la maji, hata kitandani. Aliyekutwa nayo kengele ya Ijumaa ikilia, alichapwa fimbo sita mbele ya bendera na kubaki nayo hadi Jumatatu, na Jumatatu aliendelea kuwinda. Mwenye kuivaa hakuwa na cha kupoteza tena, kwa hiyo aliweza kusema Kiswahili alivyotaka, na ndicho alichofanya: alikuchokoza, akakuchekesha, akakutukania mama, ili umjibu. Watoto walimkimbia huku wakimwimbia kama mkurugenzi wa shaba: "Direkteri ya mukuba! Direkteri ya mukuba! Gari yako iko wapi?"

Na Mwalimu mwenyewe? Kwetu sisi alikuwa mtu aliyezaliwa na Kifaransa kinywani kama wengine wanavyozaliwa na jino. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno letu hata moja. Tulijiuliza vile anavyogombana na mkewe, na akijigonga kidole usiku anamwita nani. Mimi niliamini kabisa kwamba Kiswahili hakijui. Nilimwonea hata huruma kidogo, kwamba hawezi kununua mikate sokoni.

Sasa Kapinga. Alikuwa mdogo wangu, ananifuata mgongoni. Mtoto wa maneno. Aliongea na kuku, aliongea na chungu kikichemka, alimweleza mama ndoto yake kabla hajafumbua macho vizuri. Jirani yetu alisema, "Huyu mutoto, siku atanyamaza, tutazania redio ya kambi imekufa." Alipoingia mwaka wa kwanza, mimi nikiwa wa tatu, watoto walifurahi kama watu walioletewa mposho wa chakula. Mdomo ule ungebeba shaba mwaka mzima.

Wa kwanza kumvika nilikuwa mimi. Niseme wazi, bila kuzunguka. Nilikuwa nayo siku ya Alhamisi, tukiwa bombani, naye amebeba ndoo yake ndogo. Mimi yaya wake, dada mkubwa, nikamwuliza kwa hasira ya uongo, "Kapinga, ni weye njo ulikula mukate yangu?"

"Hapana minye, yaya! Ni kuku! Nilimuona na macho yangu!"

Nikamvika. Watoto waliokuwa kwenye foleni wakapiga vigelegele. Hakulia. Aliniangalia kama mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yao wenyewe. Ijumaa alichapwa sita, na miguu yake ilikuwa myembamba hivi, kama ya korongo.

Tangu siku hiyo alijifunza. Nikiwa sina shaba, aliniongelesha kama zamani, maneno kama mvua. Nikiwa nayo, alifunga kinywa mpaka midomo ikapauka. Alijifunza kuomba chumvi kwa kidole. Nilimwona mjanja, nikamheshimu, na nikamchukia kidogo pia, maana kwangu mambo yalikuwa magumu. Nilikuwa nimechapwa Ijumaa mbili. Mara ya pili tata alinisimamisha mlangoni, akaishika shaba shingoni mwangu kwa vidole viwili.

"Hii kintu, nani alikata?"

"Ni weye, tata."

"Njo vile. Minye nilikata, na mutoto yangu njo anaivaa. Mwalimu ataniona namna gani? Mara ya tatu nakutosha ku masomo. Utabakia na mama yako kutwanga sombe."

Na mimi nilitaka masomo, si kutwanga majani ya muhogo. Mnicheke. Nilitaka kuwa mwanamke wa biro, mwenye viatu vya kulia sakafuni, ko-ko-ko, na kalamu kwenye nywele.

Wiki yenyewe, mama aliitwa Kakontwe kwa mdogo wake aliyejifungua vibaya. Alifunga nguo zake kwenye kitenge, akanishika bega. "Weye njo mama sasa. Tata eko na kazi ya mangaribi, hatakuwa anabaona sana. Uangalie mudogo yako." Nikasema ndiyo, mama. Nikajiona mrefu.

Jumatano nilijikwaa kwenye jiwe uwanjani, kucha ikafunguka, nikalia, "Yo, mama!" Mwenye shaba alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nikavikwa huku damu inatoka. Siku mbili zilibaki kabla ya kengele ya Ijumaa, na mdomo mmoja tu niliujua vizuri.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, Kapinga alinifuata ukutani. Alishika ubavu wake kwa mkono mmoja; kwa mkono wa pili alivuta mkono wa gauni langu. Akafungua kinywa. Kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye shaba, akafunga kinywa.

"Sema," nikamwambia. "Unataka nini? Sema basi."

Akatikisa kichwa.

"Sema tu, mudogo. Minye si yaya yako?"

Nilikuwa natabasamu. Hilo ndilo nisilojisamehe, kuliko yote. Nilikuwa natabasamu kama paka aliyeketi mbele ya tundu.

Nyumbani hakula. Nilimpakulia bukari na samaki, akaisukuma sahani, akajilaza kwenye mkeka magoti yamegusa kidevu. Niliwaza: anaogopa kuniambia aksanti. Hii ni michezo yake. Basi nikaanza kazi. Nilimtegea kitendawili, hakujibu. Niliimba wimbo wake nikaukosea kusudi, yeye ambaye hakuweza kuvumilia mtu aukosee, akafumba macho. Mwishowe nikatoka nje, nikarudi nikipiga kelele: "Kapinga! Kuku yako imekufa!"

Aliinuka. Alitembea ameinama, ameshika ukuta, hatua moja, hatua moja, mpaka uani. Kuku alikuwa pale anachakura. Kapinga alimtazama, machozi yakamtiririka, akageuka, akashika ukuta tena, akarudi kwenye mkeka. Bila neno. Na mimi nikasema moyoni: mtoto huyu ana kichwa kigumu, amenishinda.

Asubuhi tata, macho yake mekundu ya kazi, aliuliza kutoka kitandani, "Mudogo yako eko namna gani? Naona analala-lala tu."

"Anafanya maringo, tata."

Tata akajigeuza ukutani.

Ijumaa hiyo Kapinga alinifuata shuleni amejikunja. Mtoto aliyekaa naye dawati moja alinieleza baadaye. Kapinga aliinua vidole viwili, alama ya kuomba kutoka. Mwalimu akamwambia aombe vizuri, kwa sentensi nzima. Hakuwa nayo sentensi. Kifaransa chake chote kilikuwa lile neno la kuitikia jina asubuhi. Akashusha vidole, akakaa. Aliketi hivyo mpaka kengele.

Kengele ile ililia kwa ajili yangu. Sita, mbele ya bendera. Nikarudi nyumbani nikiwaza juu ya tata, juu ya sombe na kinu, juu ya viatu vyangu vya ko-ko-ko. Kapinga alikuwa nyuma yangu mbali, anasimama, anatembea, anasimama. Sikumngoja. Tata alipoiona shaba alisema tu, "Kesho mama yako akirudia, tutasema." Akaenda kazini.

Mama alirudi Jumamosi jua likipanda, kitenge kichwani. Alianza kuita tangu barabarani, maana Kapinga ndiye aliyezoea kumkimbilia. Hakuna aliyekimbia. Akaingia, akaweka mkono kwenye paji lake, mzigo ukamdondoka.

"Huyu mutoto ni moto! Tangu wakati gani? Kapinga! Kapinga wa mama!"

Kapinga akafumbua macho. Akamwona mama. Kisha akaniona mimi nyuma ya mama, nimesimama na shaba yangu kifuani. Mama akaita tena, kwa nguvu, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto: "Kapinga!"

"Présente," akasema.

Kwa sauti ile ile ya darasani, nyembamba, iliyonyooka.

Mama alinigeukia. Mama yangu hakujua Kifaransa hata cha kununulia chumvi. "Anasema nini?"

"Anasema eko hapa, mama."

"Hapa namna gani? Naona eko hapa! Kapinga, wapi inakuluma? Ambia mama. Wapi inakuluma?"

Kapinga hakuacha kuitazama shaba. "Présente," akasema.

Mtaniuliza kwa nini sikuivua. Nimejiuliza miaka yote hii, nikifua, nikisonga bukari, nikimzika mume wangu. Waya ulikuwa mpana, kichwa kingepita bila shida. Lakini mimi sikujua kwamba inavulika. Tata aliikata, Mwalimu aliiamuru, bendera iliishuhudia. Ilitoka kwa njia moja tu. Ndivyo nilivyofundishwa, na nilikuwa mwanafunzi mzuri kuliko walivyodhani.

Tata alimbeba mgongoni mpaka hospitali, anakimbia na viatu vya kazi. Daktari alisema maneno marefu kwa Kifaransa. Tata akaitikia kwa kichwa, oui, oui. Mama akamvuta shati: "Anasema nini? Anasema nini?" Tata hakumfasiria. Baadaye tulielewa kwamba tumbo lilikuwa limepasuka ndani, na kwamba lilikuwa limeuma kwa siku nyingi, na kwamba mtoto wa kimo kile kwa kawaida hupiga kelele. Saa sita king'ora cha kiwanda kilipolia, hakuwepo tena.

Sikurudi shuleni. Tata hakunikataza, Jumatatu iliyofuata alikuja mwenyewe na begi langu mkononi, akaliweka miguuni pangu, akasimama pale kama mtu anayeomba kazi. Nilikataa. Hakunipiga, hakusema neno juu ya sombe. Huyu mjukuu mwenye mkufu anaitwa Kapinga, jina nililipigania kwa wakwe mpaka nikalipata. Anasoma chuo kikuu, nami natembea naye barabarani nimeinua pua kama siku ile nyuma ya tata. Anaongea kuanzia jogoo, Kifaransa na Kiswahili chungu kimoja, na mambo ya simu ambayo siyajui kichwa wala mkia. Mama yake humwambia, "Nyamaza kidogo, kichwa inamuluma Kaku." Uongo. Kichwa hakiniumi. Namwambia, "Muache. Maliza, Kapinga, halafu ikakuwa namna gani?" Hata nikiwa sielewi, namngoja amalize.

Nazunguka, najua. Nirudi kwenye matanga.

Jumapili walimlaza mdogo wangu chumbani, juu ya kitanda cha mama, amevaa gauni la misa. Wanawake walijaa sakafuni wakilia kwa Chiluba, kilio cha Kasai kile kinachopanda ngazi. Wanaume walikuwa uani. Mimi nilikaa kwenye kizingiti, kati ya wanaume na wanawake, shaba bado kifuani, na hakuna aliyeiona, maana siku ya msiba nani anaangalia mtoto mzima.

Ndipo Mwalimu akaingia langoni. Suti yake ya Chama, ile isiyo na kola. Watoto tulisimama wima kama darasani. Hakututazama. Alivua viatu, akaketi chini kwenye vumbi karibu na tata, akamshika mkono.

"Tata," akasema, "minye sina mambo ya kusema. Ule mutoto alinyoosha mukono. Nilimuona. Nilimuambia aseme muzuri. Yo, tata yangu, minye pia niko na batoto."

Kiswahili. Kiswahili cha kambi, cha mtu aliyekua kwa bukari na kupiga mbizi katika mto Panda na watoto wengine. Kumbe alikuwa nacho. Siku zote alikuwa nacho, chini ya ulimi, kama sisi.

Niliinuka. Jirani yetu alinishika gauni, likaponyoka. Nilipita kati ya magoti ya wanaume hadi mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nikaitoa shaba shingoni, kwa kuwa sasa sheria iliniruhusu.

"Mwalimu," nikasema, "umesema."

Wanaume wakageuza vichwa.

"Umesema Kiswahili. Nilisikia."

"Weye mutoto, ikala chini!" tata akafoka.

Mwalimu alimzuia tata kwa mkono. Alinitazama kwa muda, kisha akaitazama shaba, na polepole, yule mtu mkubwa, akainamisha shingo. Nikamvika. Ilimgonga kifungo cha suti, ikalia. Tata aliiona pale kifuani mwa Mwalimu, ile aliyoipiga msasa kwa mikono yake, akavua kofia, akajifunika uso nayo.

Sikungoja kuona zaidi. Nilikuwa na haraka. Nilikimbia ndani, nikakanyaga vitenge na miguu ya watu, nikapanda kitandani kwa magoti mpaka kichwani pake, nikaweka kinywa kwenye sikio lake, pale nilipozoea kumwekea siri.

"Kapinga. Mwalimu njo eko nayo sasa. Minye siko nayo tena. Angalia."

Nikavuta kola ya gauni langu chini, aone. Palikuwa na mstari wa kijani tu.

"Sema sasa."

Wanawake wote wakakatisha kilio, wakanyamaza, kana kwamba nao wanangoja ajibu.